Je, Wajua? Waliorithiwa Kama Mali, Wakanyimwa Urithi

Leo safu hii inaanzia Turkana. Katika barabara ya Lodwar, Kakuma na Lokichoggio wamepita watu ambao mababu zao waligawanywa katika mirathi ya wengine, pamoja na minazi na ng'ombe. Habari zote zilizo hapa chini zinafuata swali moja: mtu aliyelima shamba maisha yake yote akiwa mali ya mwingine, watoto wake walirithi nini?

Je, wajua kwamba mwaka 2002 kambi ya Kakuma ilipokea misafara ya mabasi yaliyojaa wakulima ambao hawakuwa wamekimbia vita vya karibu? Hao walikuwa Wabantu wa Somalia, wapatao 12,000. Walitolewa kambi za Dadaab, karibu na mpaka wa Somalia, wakavushwa Kenya yote hadi Turkana, safari ya kilomita kama 1,500. Marekani ilikuwa imekubali mwaka 1999 kuwapokea kwa pamoja. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, maafisa wake waliona Dadaab si mahali salama pa kuwahoji, ndiyo sababu wahojiwa wakahamishwa badala ya wahoji.

Wajua walitendewa nini Dadaab hata wakakubali kwenda mbali hivyo? Walikuwa wametengwa, wakishambuliwa usiku, na kuitwa kwa majina ya kitumwa na wakimbizi wenzao. Wengi wao walizaliwa zaidi ya miaka sabini baada ya utumwa kukomeshwa kisheria nchini kwao. Hali ya babu iliwafuata hadi kwenye foleni ya mahindi ya msaada.

Je, wajua mababu zao walitoka wapi? Walitoka kwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangindo, Wazaramo na Wazigua, yaani nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi. Walipitishwa Kilwa, Bagamoyo na Unguja, wakapakiwa majahazini hadi Barawa, Merka na Mogadishu, kisha wakapelekwa kwenye mashamba ya bonde la mto Shabelle kulima pamba, ufuta na nafaka. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya mwaka 1800 na 1890 watu 25,000 hadi 50,000 waliingizwa katika mashamba hayo.

Je, wajua kwamba baadhi ya Wazigua hawakutekwa vitani? Walidanganywa. Katika miaka ya 1830 ukame mkali uliipiga nchi ya nyuma ya pwani, upande wa Handeni na Pangani, na watu wakafa njaa. Wenye majahazi wakaahidi kazi na chakula ng'ambo. Familia nzima zikapanda, mume, mke na watoto, na walipoteremka Barawa wakauzwa. Kwa kuwa walifika wakiwa watu wazima wanaojuana na wenye lugha moja, hawakuwahi kusadiki kwamba wao ni mali. Miaka michache baadaye, katika miaka ya 1840, walitoroka kwa makundi.

Na je, wajua aliyewaongoza? Masimulizi ya Wazigua wa Somalia yanamtaja mwanamke, Wanakhucha. Nia yao ilikuwa kurudi kwao kwa miguu, kusini kabisa. Walipofika kwenye msitu wa mto Juba ardhi ikatetemeka, na wakaona hiyo ni ishara kwamba safari iishie pale. Msitu ule ulikuwa na mbung'o wengi, kwa hiyo wafugaji hawakuutamani, na watoro wakapata mahali pa kufyeka mashamba yasiyodaiwa na bwana yeyote. Mahali hapo paliitwa Gosha, yaani msituni. Kizigua kinazungumzwa huko hadi leo, karibu miaka mia mbili baada ya majahazi yale. Mimi naona huo ni urithi mkubwa kuliko shamba lolote la mikarafuu: wazazi wasio na kitu cha kugawa waliwaachia watoto lugha, nayo ikafika.

Je, wajua kwamba msituni humo mtoro mmoja alikuja kuwa mtawala? Nassib Bunda, aliyekuwa mtumwa mwenye asili ya Kiyao, aliwaunganisha watoro wa vijiji vya Juba na kuwapatia silaha. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa Gosha walikadiriwa kuwa 35,000. Wakoloni wa Kiitaliano walimfunga, akafia gerezani Mogadishu mwaka 1906.

Sasa twende kwenye sheria yenyewe, maana wengi tumefundishwa kuhusu minyororo na masoko na hatukufundishwa kuhusu karatasi za mirathi.

Je, wajua kwamba katika pwani ya Waswahili mtumwa aligawanywa kwa mafungu kama nyumba au shamba? Bwana akifa, kadhi aliyapiga hesabu mafungu ya warithi: mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike, mjane hupata robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto, na thumuni ikiwa aliacha. Mtumwa asingeweza kukatwa vipande, kwa hiyo mtu mmoja aliweza kumilikiwa na ndugu watatu kwa pamoja, kila mmoja akidai siku zake za kazi, au akauzwa ili fedha zigawanywe. Kifo cha bwana mwema kilikuwa siku ya kutisha shambani. Tabia ya marehemu haikurithiwa pamoja na shamba.

Je, wajua kwamba uhuru wenyewe ulipimwa kwa hesabu ya mirathi? Bwana aliweza kuusia kwamba mtumwa wake awe huru yeye akifa. Lakini uhuru huo ulihesabiwa ndani ya theluthi ya mali ambayo mtu ana haki ya kuusia. Thamani ya waliousiwa uhuru ikizidi theluthi, warithi walikuwa na haki ya kupinga. Na deni lililipwa kwanza kabla ya wasia.

Je, wajua nani alimrithi mtumwa? Mtumwa alipokufa, kuku wake, jembe lake na akiba aliyoipata katika siku zake mbili za mapumziko, Alhamisi na Ijumaa, vyote kisheria vilikuwa vya bwana. Hata aliyeachwa huru alibaki amefungwa kwa kamba ya walaa: akifa bila warithi wa damu, bwana wa zamani au watoto wa bwana ndio waliochukua mali yake. Mtu aliyeletwa kutoka Nyasa akiwa mtoto wa miaka minane angewathibitishaje ndugu zake mbele ya kadhi?

Je, wajua kwamba Sultani Seyyid Said, aliyefariki baharini mwaka 1856, hakuacha hata mtoto mmoja wa mke wa ndoa? Watoto wake wote waliokuwa hai, 36 kwa idadi, walizaliwa na masuria, yaani wanawake wa kitumwa. Thuwaini alitawala Oman, Majid akatawala Zanzibar, na baada yake Barghash, ambaye mama yake alikuwa Mhabeshi. Katika sheria ya Kiislamu mtoto wa bwana kwa suria wake huzaliwa huru na hurithi sawa na ndugu zake, na mama yake hauziki tena na huwa huru bwana akifa. Barghash huyo, mwana wa mwanamke wa kitumwa kutoka Uhabeshi, ndiye aliyetia mkono mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa la Mkunazini. Alitia mkono kwa kulazimishwa, manowari za Uingereza zikitishia kuzuia bandari yake.

Sasa linganisha na Virginia, Amerika.

Je, wajua kwamba mwaka 1662 baraza la Virginia lilitunga sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake? Maneno machache hayo yaliamua maisha ya mamilioni. Mwenye shamba aliyezaa na mjakazi wake hakupata mrithi. Alipata mtumwa mwingine. Mwaka 1705 Virginia ikaongeza sheria nyingine: katika mirathi, watumwa wahesabiwe kama mali isiyohamishika, sawa na ardhi. Lengo lilikuwa mrithi wa shamba apate pia watu wa kulilima, familia za wakulima wakubwa zisidhoofike baba akifa.

Je, wajua kwamba George Washington alirithi watu kabla hajabalehe? Baba yake alikufa mwaka 1743, naye akiwa na miaka 11 akarithi shamba na watumwa kumi. Alipokuwa akiandika wasia wake mwaka 1799, shamba la Mount Vernon lilikuwa na watumwa 317. Aliusia wawe huru 123 tu, kwa sababu hao ndio waliokuwa mali yake. Wengine 153 walikuwa fungu la mkewe Martha kutoka kwa mume wake wa kwanza, Daniel Parke Custis, na kisheria ilibidi waende kwa warithi wa Custis. Makundi hayo mawili yalikuwa yameoana kwa miaka mingi. Martha alipofariki mwaka 1802, wale 153 wakagawanywa kwa wajukuu wake wanne, na ndoa zikavunjwa: mume huru upande huu, mke na watoto wamepewa mjukuu wa mbali upande ule.

Na je, wajua kwamba mwanamke aliweza kumrithi dada yake? Mwaka 1773 alikufa John Wayles, mkwewe Thomas Jefferson. Watumwa 135 wakaingia mikononi mwa Jefferson kupitia mkewe Martha. Miongoni mwao alikuwamo mtoto mchanga Sally Hemings, ambaye wanahistoria wengi wanakubali kwamba baba yake alikuwa Wayles mwenyewe. Kwa hiyo Martha na Sally walikuwa watoto wa baba mmoja, mmoja mrithi na mwingine mirathi. Kama Wayles angekuwa na shamba lake Pemba na kumkubali mtoto, Sally angekaa mbele ya kadhi akidai fungu lake. Jefferson alipokufa mwaka 1826 aliusia uhuru kwa watu watano tu. Januari 1827 watu 130 walipigwa mnada shambani kwake Monticello kulipa madeni yake.

Mlinganisho huu usimpe mtu wa pwani kiburi. Suria hakuulizwa kama anataka. Na mtoto aliyezaliwa na watumwa wawili, mzalia, alikuwa mali ya mwenye mama yake, huku kama kule. Aliyefunguliwa mlango na sheria yetu ni mtoto wa bwana. Mtoto wa mkulima wa karafuu alibaki nje.

Wajua kisa cha Salme? Binti huyo wa Seyyid Said alirithi shamba, nyumba na fedha kwa baba yake, na mwaka 1859 akarithi mashamba matatu kwa mama yake Jilfidan, suria kutoka kwa Waserkasi. Alipotoroka na kubatizwa Aden mwaka 1867, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, alipoteza haki ya kurithi. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar pamoja na manowari za Ujerumani kudai chake, na Barghash hakumpa. Mwaka uliofuata alichapisha kumbukumbu zake, na ndani yake aliutetea utumwa wa pwani. Alikuwa mtoto wa mwanamke aliyenunuliwa. Alidai kwa miaka mingi haki ya fungu lake, na hakuona ubaya kwamba ndani ya fungu hilo kulikuwa na watu.

Tuvuke hadi pwani ya Kenya. Je, wajua kwamba Malindi ilikuwa gofu mwanzoni mwa karne ya 19? Ilihuishwa katika miaka ya 1860 chini ya Sultani Majid, na kwa jasho la watumwa ikawa ghala la nafaka la pwani yote: mtama, mahindi na ufuta. Majahazi yalishehenezwa hapo kwenda Arabuni.

Je, wajua watoro wa Kenya walikimbilia wapi? Wengine Fuladoyo, wengine Makongeni, wengine Witu kwa Sultani Ahmed Simba, na wengine misheni ya Rabai. Januari 1889 kampuni ya Kiingereza ya William Mackinnon ililipa fidia ili watoro wapatao 1,400 waliokuwa Rabai na misheni za jirani wapate hati za uhuru. Fidia walilipwa mabwana.

Na Turkana je? Je, wajua kwamba misafara ya Waswahili ilifika huku kabla ya Mzungu yeyote kuliona ziwa? Waliofuata pembe za ndovu kutoka Pangani walishaijua njia. Mmoja wao, Jumbe Kimameta, ndiye aliyewaongoza Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel, waliofika ziwani Machi 1888 na kulibandika jina la mwanamfalme wa Austria, jina lililodumu hadi mwaka 1975. Katika misafara kama hiyo wapagazi wengi walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na bwana alichukua sehemu ya mshahara. Mtu alitembea miezi na mzigo kichwani, akifa njiani, mshahara wake ulikuwa na mrithi tayari, naye alikuwa ameketi barazani Pangani.

Je, wajua kwamba Waturkana wenyewe wana urithi wa miti? Kando ya mto Turkwel, kuanzia juu hadi Lodwar na chini yake, familia zina ekwar: sehemu ya ukingo wa mto yenye migunga, hasa ewoi, ambayo maganda yake hulisha mbuzi wakati wa kiangazi. Haki ya kutumia miti hiyo hurithiwa ndani ya familia. Ardhi haiuzwi, na mwenye ekwar hawezi kumfukuza jirani kijeuri, lakini kila mtu anajua ewoi ule ni wa nani. Nimelitaja kwa sababu watu wengi husema Turkana hakuna mwenye kitu. Yuko, na babu yake anajulikana.

Lokichoggio ina sehemu yake katika habari hii, na haijapita zamani.

Je, wajua kwamba mji huu mdogo, kilomita kama 95 kutoka Kakuma, ulikuwa na kiwanja cha ndege kilichokuwa na shughuli nyingi kuliko vingi barani? Kuanzia mwaka 1989 mpango wa Umoja wa Mataifa wa Operation Lifeline Sudan ulirusha chakula kutoka hapa kwenda kusini mwa Sudan. Shirika la Msalaba Mwekundu lilikuwa na hospitali ya Lopiding, ambapo majeruhi wa vita waliletwa kwa ndege. Walioishi hapa wakati huo wanakumbuka ngurumo za ndege za Hercules tangu alfajiri.

Je, wajua kwamba kutoka kiwanja hichohicho waliruka watu waliobeba fedha za kukomboa watumwa? Wakati wa vita vya 1983 hadi 2005, wanamgambo waliopanda farasi, murahalin, walivamia vijiji vya Wadinka wa Bahr el Ghazal, wakaua wanaume, wakachukua ng'ombe, wanawake na watoto. Kuanzia mwaka 1995 shirika la Christian Solidarity International lilikodi ndege Lokichoggio, likakutana na wafanyabiashara waliowarudisha watu hao na kuwalipa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 bei ilikuwa takriban dola 50 kwa mtu. Mwaka 1999 UNICEF ilisema wazi kwamba kununua watu hakukubaliki, hata kwa nia ya kuwaweka huru, kwani fedha huchochea utekaji. Wazazi waliosubiri chini ya miti walikuwa na hoja yao, nayo ilikuwa na jina la mtoto.

Wajua jina la mtoto lina uzito gani kwa Mdinka? Mwanamume akifa bila kuacha mtoto, ndugu yake huoa mke kwa jina la marehemu, na watoto watakaozaliwa huitwa wa yule aliyekufa, hurithi ng'ombe wake na kuendeleza ukoo wake. Watu wenye desturi hiyo ndio walionyang'anywa watoto, nao watoto wakapewa majina mapya, dini mpya na mifugo ya mwingine ya kuchunga. Mwaka 2003 Taasisi ya Rift Valley ilitoa orodha ya watu zaidi ya 11,000 waliotekwa, jina kwa jina, kijiji kwa kijiji. Kwa maoni yangu hakuna kazi ya kitaalamu iliyofanywa kuhusu vita vile iliyokuwa na heshima zaidi. Waliandika majina ambayo mtekaji alitaka yafutike.

Je, wajua utumwa ulikomeshwa lini kwetu? Zanzibar, Aprili 1897, ila masuria hawakuingizwa hadi mwaka 1909. Pwani ya Kenya, mwaka 1907. Katika amri ya Zanzibar mabwana walilipwa fidia, na aliyepata uhuru alitakiwa aonyeshe ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Mtu aliyekatazwa kumiliki kitu tangu utotoni aliulizwa, siku ya kwanza ya uhuru wake, anamiliki nini.

Na je, wajua kilichofuata Kenya mwaka mmoja tu baadaye? Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ya ukanda wa pwani alete madai yake. Wenye mashamba walikuwa na karatasi na mashahidi. Waliolima mashamba hayo hawakuwa na kimoja wala kingine. Kipande kisichodaiwa kikawa cha Serikali ya Kifalme. Mwaka 1914 ardhi ya ukoo wa Mazrui huko Takaungu ikawekwa chini ya amana ya kisheria. Wajukuu wa watumwa, pamoja na Wamijikenda waliokuwa wakiishi na kulima humo, wakaanza kuitwa maskwota, na kesi zao bado ziko kwenye meza za maafisa wa serikali wa leo, kutoka Kilifi hadi Kwale.

Kule Marekani, wajua ahadi ya ekari 40? Januari 16, 1865 Jenerali William Sherman alitoa amri kwamba ardhi ya ufukweni katika South Carolina, Georgia na Florida igawiwe familia zilizotoka utumwani, hadi ekari 40 kila moja. Kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson akawarudishia mabwana wa zamani ardhi yao.

Unguja na Pemba zilingoja hadi mapinduzi ya 1964. Serikali ya Abeid Karume ilitaifisha ardhi mwezi Machi mwaka huo, ikaanza kugawa zile eka tatu tatu ambazo kila Mzanzibari anazifahamu. Ardhi yenyewe ilibaki ya serikali, na mgao ulifanyika baada ya damu nyingi kumwagika. Lakini walipewa.

Je, wajua Waitaliano waliwafanyia nini watu wa Juba na Shabelle? Mwaka 1895 waliwaacha huru watumwa 45 wa kwanza. Miaka arubaini baadaye utawala uleule ulikuwa ukiwakusanya watu wa vijiji hivyohivyo kwa nguvu, waende kulima migomba na pamba katika mashamba ya walowezi. Waliochaguliwa kwa kazi hiyo walikuwa hasa wale wenye asili ya utumwa, jareer, kwa madai kwamba wafugaji hawafai kulima. Walowezi walikuwa wageni, lakini orodha ya nani alime waliikuta tayari.

Je, wajua kwamba kilichowanyang'anya mashamba hatimaye ni fomu? Mwaka 1975 serikali ya Siad Barre ilitunga sheria ya ardhi ya kilimo. Ardhi yote ikawa ya dola, na mkulima akatakiwa kusajili kipande chake kwa kukodishwa miaka 50. Kila familia iliruhusiwa kipande kimoja. Sasa mkulima wa Juba huishi kwa kuwa na vipande vitatu: kimoja ukingoni mwa mto, kimoja katika desheeg, bonde linalojaa maji ya mafuriko, na kimoja juu cha kungojea mvua. Mwaka mmoja huzama, mwaka mwingine hukauka, na kile kilichosalia huilisha nyumba. Wazee waligawa vipande hivyo kwa watoto wao tangu enzi za watoro, bila karatasi. Mwanaanthropolojia Catherine Besteman, aliyeishi katika kijiji cha Banta mwaka 1987 na 1988, aliona watu wa mjini wenye jamaa serikalini wakisajili mashamba ambayo hawajawahi kuyakanyaga, na wenyeji wakigeuzwa wavamizi kwenye ardhi waliyoachiwa na babu zao. Vita vilipoanza mwaka 1991, bonde la Juba lilikuwa na chakula ghalani na watu wasiokuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwalinda. Waliporwa na kila kundi lililopita.

Je, wajua kwamba kabla ya Marekani waliomba kurudi walikotoka mababu zao? Msumbiji ilionyesha nia ya kuwapokea, kisha ikajitoa. Tanzania ilikuwa imewapokea kadhaa waliofika kwa njia ya bahari, ikawaweka Mkuyu, wilayani Handeni, na baadaye Chogo, wilaya hiyohiyo. Wazigua wa Juba wakajikuta miongoni mwa Wazigua wa Handeni, na wakaelewana. Serikali ikawafungulia njia ya kuomba uraia. Kile alichokitaka Wanakhucha katika miaka ya 1840, baadhi ya kizazi chake walikipata baada ya miaka 150 na zaidi.

Turudi kwa waliohojiwa Kakuma. Je, wajua kwamba kuna wanaume waliolazimika kuchagua mke mmoja? Sheria ya Marekani haitambui mitara, kwa hiyo mwenye wake wawili au watatu alibaki na mmoja kwenye faili, na wengine wakaandikwa kama kaya za wanawake pekee. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji liliwafundisha matumizi ya jiko la umeme, ngazi na choo cha ndani. Hapakuwa na somo la kumweleza mtoto kwa nini baba yake hayumo kwenye faili la mama. Sheria za Virginia ziligawa familia kwa mirathi. Hizi za uhamiaji ziligawa kwa viza, na sisemi ni kitu kimoja, maana hapa watu walikuwa wakielekea kwenye uhuru. Lakini aliyegawanyika ni yuleyule.

Waliondoka kuanzia mwaka 2003, wakatawanywa katika miji mingi ya Marekani. Je, wajua kwamba wengi walikuja kukusanyika Lewiston, jimbo la Maine, mji wa viwanda vya nguo vilivyofungwa? Miongoni mwao Besteman aliwakuta watu wa Banta, kijiji alichokaa miaka karibu ishirini kabla. Mitambo ya Lewiston ilifuma pamba kutoka mashamba ya watumwa ya kusini mwa Marekani, ingawa Maine yenyewe iliingia katika muungano mwaka 1820 kama jimbo huru, ili kusawazisha hesabu na Missouri ya watumwa.

Na je, wajua wanalima? Chama chao kilianzisha mradi uitwao Liberation Farms, na mwaka 2020 wakapata shamba la ekari zaidi ya 100 katika mji wa Wales, karibu na Lewiston. Shamba hilo liko chini ya amana ya jamii waliyoipa jina la Juba ndogo, nao wanalikodi kwa mkataba wa miaka 99. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuliuza, na hakuna mrithi anayeweza kuligawa vipande. Wanapanda mahindi magumu ya kusaga, wanasaga unga wao wenyewe, na wengi wa wakulima walio na mistari yao humo ni wanawake.